Betri ya used nayo ni mtumba, fungueni belo tuone

Mhariri salaam, na pole na kazi.

Naomba unipe kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua nimeandika ndefu, ukitaka kukata kata tu, ila usikate pale kwenye feni maana ndio penyewe. Kuna msomaji mwenzangu wa Lindi wiki mbili zilizopita aliandika hapahapa kwamba haya magari ya haibridi, yanayotumia petroli na umeme wa betri kwa pamoja, ni bomu, betri ikifa na gari limekufa, kwamba Toyota Aqua yake imelala uani kuku wanatagia ndani na kuna mtu ameshamtajia bei ya chuma chakavu, akatuonya watu wote wa Kusini tusithubutu. Nimeisoma mara mbili ile barua. Nusu ya maneno yake ni kweli na mimi yamenikuta, nusu nyingine nahisi aliambiwa na fundi, tena fundi wa aina ileile aliyenila mimi miezi sita mfululizo.

Mimi ni mama wa mitumba hapa Mtwara mjini. Belo, yaani furushi la nguo, nafungulia nyumbani Magomeni, nachambua, nguo kali zinabaki mjini na zinazobaki nazipeleka minadani, Nanyamba, Tandahimba mpaka Newala, hasa kuanzia Oktoba korosho zikianza kulipwa, maana hapo mkulima ana hela, mke anataka gauni na watoto wanataka viatu, na kila mtu yuko na furaha na kidumu cha uraka, pombe ya mabibo, pembeni. Kwa kazi hiyo 2019 nikanunua Aqua, ya mwaka 2012, imetoka Japani imetumika. Watu walinicheka, Aqua na vumbi la huko wapi na wapi, chukua pikapu. Lakini pikapu mafuta yake nayajua. Aqua nilikuwa naenda Newala na kurudi, ni kama kilometa 140 kwenda tu, kwa lita 14, na mzigo ndani. Sasa mtu akiniambia gari lile ni bomu namuuliza bomu gani hilo limesomesha mtoto wangu mpaka kidato cha nne.

Kitu kimoja watu hawakijui, na mimi sikukijua, ni kwamba mule ndani kuna betri mbili. Kuna ndogo ya volti 12 ya kawaida, hiyo inaamsha kompyuta, taa, redio na vikorokoro. Halafu kuna kubwa, chini ya siti ya nyuma, kwa Aqua ina mabapa 20 yamepangwa kama mikate ya slesi, kila bapa volti 7.2, jumla 144. Prius, haibridi nyingine ya Toyota, yenyewe ina mabapa 28, inafika volti 201 na ushee. Hiyo kubwa ndiyo inayoviringisha injini iwake, kwa sababu Aqua haina stata ya kuwashia wala alteneta ya kuchajia kama magari mengine. Kwa hiyo ikifa ile kubwa hata vijana 10 wakusukume kutoka hapa hadi Mikindani haiwaki. Nasema hivi kwa sababu nilisukumwa, ntakuja huko.

Msimu wa 2023, Novemba, nikaanza kuona mambo. Kwenye kioo cha dashibodi kuna mchoro wa betri una vijiti, zamani vilikuwa vinapanda taratibu na kushuka taratibu, sasa nikawa naona imejaa pomoni, napanda kamlima kamoja tu imeshuka karibu yote, nashuka upande wa pili imejaa tena, dakika chache tu. Nikafurahi, nikajua inachaji haraka siku hizi! Kumbe ni kama kikombe na ndoo, kikombe ndio kinajaa haraka. Tena nyuma nikawa nasikia mvumo, vuuu, kama mtu kasahau feni ya chumbani imewashwa, na injini, ambayo kawaida hujizima yenyewe gari likisimama, ikawa haizimi hata nikisimama. Mafuta nayo yakaanza kupanda, lita 14 ikawa 17.

Siku moja nimepita Mnivata, lami imeniishia nakula vumbi, ikawaka taa na yakatokea maandishi ya Kijapani kwenye dashibodi. Gari langu lote linaongea Kijapani mhariri, kila nikiwasha kuna binti anasema maneno marefu kwa adabu sana, miaka yote nilidhani ananisalimia, nikaja kuambiwa anadai kadi ya kulipia barabara za huko kwao. Basi na hayo maandishi nikayaona ni salamu nyingine, nikaendelea na safari. Nikauza, nikarudi.

Fundi wa kwanza, jirani, akaniambia betri imekufa. Nikamuuliza ipi, akasema betri. Akaniuzia ile ndogo mpya. Sasa nisimsingizie, betri ndogo ikichoka kweli inaweza kuwasha taa zote za dashibodi kama mti wa Krismasi, na ndiyo ya kuanza kupima kwa sababu ndiyo rahisi. Ila kupima hakupima! Hata ile saa ya kupimia umeme hakuigusa, alifungua, akatoa, akaweka, akachukua hela. Taa ilizimika siku mbili, ikarudi.

Ndio nikapelekwa kwa fundi wa pili, gereji kubwa kidogo, jina siliweki hapa na wala sitaki ugomvi. Huyu ana mashine ya kusomea. Akachomeka, ikasoma P0A80. Hiyo msomaji wa Lindi bila shaka nawe umeisoma, ndiyo namba inayosema betri kubwa imechoka. Akaniambia, "Mama hapa ni seli moja tu imekufa, tunabadilisha hiyo, gari mpya." Nikalipa laki na nusu pamoja na ufundi. Niliona roho nyepesi kweli siku ile, nikamnunulia na soda.

Wiki tano. Taa ikarudi. Nikarudi na mimi. "Mama, safari hii ni seli nyingine, ile niliyokuwekea ni nzima." Laki na nusu. Mwezi na siku kadhaa, taa. "Mama, nyingine tena." Nikaanza kujisikia kama yule mtu anayeziba bati moja la nyumba ya mabati 20 yaliyooza yote, kila mvua inatafuta tundu lake. Na kila nikiuliza betri nzima vipi, anasema zilizobaki ziko poa kabisa mama yangu. Hilo ndilo linaloniuma mimi mpaka leo, laki na nusu zake nilishazisamehe, lakini alikuwa anajua.

Sasa lile bapa tunaloliita seli sio seli, ndani yake zimo seli ndogo 6, kila moja volti 1.2. Na mabapa yote 20 yanafuatana, umeme unapita yote kwa mstari mmoja, kama watu wanaopokezana ndoo kisimani, mmoja akiwa mgonjwa wote wanakwenda kwa mwendo wake, na yeye mgonjwa ndiye anayeumia zaidi maana anajaa wa kwanza na kuisha wa kwanza, anachemka, anavimba. Yote yamezaliwa siku moja na yametumika pamoja miaka zaidi ya 10. Ukitoa aliyekufa, aliyekuwa wa pili kwa ugonjwa anakuwa wa kwanza. Kwa hiyo fundi kubadili moja sio dhambi, dhambi ni kuniambia gari mpya.

Kilichonifungua macho ni Aprili 2024. Nimetoka Nanyamba jioni, nikasimama kununua ming'oko, vile viazi vya porini, nikazima. Kuwasha, kimya. Yule binti wa Kijapani tu ndio kaongea. Wakaja vijana wa bodaboda, "Mama tusukume?" Nikasema sukumeni wanangu. Wamesukuma, wamesukuma, mmoja kandambili imekatika, mwingine akaleta waya wa kubustia kutoka kwenye Noah, taa zikang'aa vizuri, gari halitaki. Maana waya ule unaisaidia ile ndogo tu. Nikavutwa kwa kamba mpaka mjini, nako kukokotwa hivyo nikaja kuambiwa hakufai, matairi ya mbele yakizunguka yanazungusha na jenereta mle ndani, gari kama hili linapakiwa juu ya lori au linanyanyuliwa mbele. Basi ndio hivyo, usiku ule nani alijua.

Dereva wa bajaji mtaani ndiye aliyeniambia kuna kijana karudi kutoka Dar, anakaa Chikongola, anafanya haya magari tu. Nikamfuata. Kijana mpole, ananiita mama na shikamoo kabla ya kuangalia gari. Nikamwambia mwanangu nimekuja tayari nimeshaliwa, usinile na wewe.

Kwanza kabla ya kufungua chochote akaweka funguo ndani kwa mke wake, mbali na gari, akachomoa waya wa betri ndogo, akavaa glovu nene za mpira na za ngozi juu yake, akachomoa kile kiplagi cha rangi ya machungwa kinachokata umeme wa betri kubwa, akakaa chini. Nikamuuliza tunasubiri nini, akasema dakika 10, kule mbele kwenye inveta, kile kifaa cha kubadili umeme wa betri uende kwenye mota, kuna umeme umehifadhiwa, usipoisha unaua. Waya zote za rangi ya machungwa usiguse, gari likiwa linatembea mle ndani umeme unapandishwa unaweza kufika volti 520 kwa Aqua. Nikamkumbuka yule fundi wangu wa laki na nusu, alikuwa anafungua kwa mikono mitupu amevaa malapa na sakafu imelowa! Nilisisimka mwili mzima. Vyuo vyetu vya ufundi huku Kusini, na nyie wenye magereji, jamani glovu ni bei gani mpaka mtoto wa mtu afe kwa ajili ya Aqua.

Akaitoa ile betri, kilo 30 na zaidi, kama ndoo mbili za mchele, akaitandikia mkeka chini ya mwembe. Kilichonishangaza kwanza ni vile vyuma vya shaba vinavyounganisha bapa na bapa, vilikuwa vimeota ukijani kama sufuria ya shaba iliyosahaulika. Akasema hii ni hewa ya chumvi mama, magari ya hapa pwani yote hivi, na muda mwingine taa inawaka kwa sababu ya huu uchafu tu, unasugua, unafunga, inazimika. Na kufunga kwenyewe ni kwa spana ya kupimia, nati ndogo zile zinataka kukazwa kidogo sana, newtonmita 5 na kitu, sio kukaza kama nati za tairi mpaka kichwa cha bapa kinapasuka. Mawili yangu yalikuwa yamepasuka.

Halafu akaanza kupima. Akaniambia mama chukua kalamu, nikatoa daftari langu la madeni, upande mmoja wanaonidai na ninaowadai, upande wa pili betri. Akipima kavukavu yote yanasema 7.8, 7.9, 7.8, nikamwambia mbona mazima yote? Akacheka. Akachukua balbu ya taa kubwa ya mbele, akaunganisha kwenye bapa la kwanza, ikawaka, akaacha dakika 2 huku mita imeshikilia. La kwanza likashuka mpaka 7.6 likatulia. La pili hivyohivyo. Tukaenda. La 11 likafika 7.1 na balbu ikawa njano. La 12, mhariri, nililiona kwa macho yangu, 7.8, 7.5, 7.0, halafu pu, 6.3, balbu imefifia kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Akasema unaona, hapa seli moja ndogo ndani imekufa, imeondoka na volti yake moja na kidogo. Na angalia ni la katikati, ya katikati ndiyo yanafukutika zaidi kwa sababu yamebanwa na wenzake kushoto kulia, ya pembeni yanapata hewa.

Likafika mojawapo ya yale niliyobadilishiwa, niliyouziwa kama jipya. Akaligeuza ubavuni. Limeandikwa namba 23 kwa maka peni. Akaniuliza, "Mama, Aqua ina mabapa mangapi?" Nikasema 20. Tukaangaliana. Yaani lilitolewa kwenye Prius ya mtu mwingine, huko nako lilishatolewa likapimwa likaandikwa namba, likaja kuwekwa kwangu kama jipya la boksi. Nilicheka mpaka machozi maana mimi mwenyewe ni mtu wa mitumba, miaka 16, na nimeuziwa mtumba bila kujua!

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Betri ya used ni mtumba. Sio kitu kibaya, mimi nimekula mitumba, nimejenga kwa mitumba. Lakini kuna namna ya kuuza mtumba. Mteja anashika nguo, anaigeuza, anaangalia kwapani, anaangalia zipu, na mimi namwambia hii ni gredi ya kwanza, hii ya pili ina doa hapa, bei yake hii. Hakuna mteja atakayeniletea fujo. Sasa kwa nini betri inauzwa imefungwa, imepulizwa rangi nyeusi inang'aa, imewekwa stika, unaambiwa "mpya", na ukiomba kufunguliwa unaambiwa utaharibu garantii? Belo lisilofunguliwa linanunuliwa na mwenye duka wa jumla anayejua kwamba robo yake ni takataka na bei yake imeshahesabu takataka. Mtu wa gari moja hawezi kununua belo.

Kijana akaniambia ukweli ambao sijausikia kwa mtu tangu Novemba. "Mama, nikikubadilishia haya mawili matatu sijatengeneza, nimekushikizia tu. Kama unataka kumalizia mwezi ukauze gari, nakushikizia. Kama unataka kulifanyia kazi msimu ujao tubadilishe betri yote." Kushikiza! Neno la fundi cherehani, unapita uzi mrefu mrefu nguo ikae mpaka ishonwe. Ningeambiwa hivyo mara ya kwanza, laki nne na nusu zote zingebaki kibindoni.

Tukaanza kupiga simu Dar. Betri mpya kabisa bei ilinishinda, sisemi haifai, mwenye uwezo anunue hiyo alale usingizi. Muuzaji wa kwanza wa used akasema ana mpya ya boksi kwa bei ambayo hata mimi nikashtuka ni ndogo, nikamwambia mjomba nifungulie kwa video niione, akasema mama hii imefungwa kiwandani haifunguliwi. Nikakata simu. Wa pili alikuwa na maneno mengi zaidi. Wa tatu akasema sawa mama subiri kesho, na kesho yake kweli akapiga kwa video, betri iko wazi, balbu inawaka bapa moja baada ya jingine, na mimi kwenye daftari la madeni naandika. La chini kabisa lilishuka mpaka 7.4, la juu 7.6, yaani yanafanana. Hicho ndicho unachokitafuta, yafanane, maana kompyuta ya gari inalinganisha, haimjali mwenye nguvu sana, inamtafuta aliyetofautiana na wenzake. Milioni 1 na laki 6, garantii miezi 6, na tukaandikiana kabisa kwamba ikifa ndani ya miezi hiyo nauli ya kuirudisha Dar ni yake. Hilo la nauli wengi wetu wa huku tunalisahau, garantii ya Dar kwa mtu wa Mtwara bila nauli ni karatasi ya kufungia karanga.

Ilipakiwa kwenye basi mwanzoni mwa Mei, ndio kikaja kile kimbunga Hidaya, barabara ikakatika Somanga, mabasi yamelala huko, na betri yangu imelala kwenye buti na mvua yote ile. Sikulala. Ilipofika tukaipima upya yote, balbu ileile, mwembe uleule. Ilikuwa nzima.

Sasa feni. Kabla ya kuiweka ile ya Dar kijana akasema mama, tukiiweka hii bila kujua nini kiliiua ya kwanza, mwakani utanitukana. Akafungua plastiki pembeni ya siti ya nyuma kwa chini, pale kuna matundu madogo kama ya kichujio cha chai. Wengi hata hawajui ni ya nini. Pale ndipo betri inapovuta hewa ya kujipoza, hewa ya ndani ya gari, inapita kwenye feni inakwenda katikati ya mabapa. Akaitoa feni. Mhariri, nilidhani ametoa mto wa sufi! Manyoya ya nguo, nyuzi, vumbi jekundu la Tandahimba limegandana na manyoya limekuwa kama blanketi, mabawa ya feni hayaonekani. Ni nguo zangu mwenyewe. Miaka mitano nabeba mitumba, na viroba nilikuwa navisukumiza vyote nyuma mpaka vinaziba yale matundu, betri haivuti kitu ila joto na manyoya. Na joto ndilo linaloua hizi betri kuliko kilometa. Ndio ule mvumo niliokuwa nausikia, feni inalia inaomba hewa na mimi naongeza sauti ya redio.

Fundi wa laki na nusu aliifungua betri mara tatu. Mara tatu amepita hapo na hakuiona feni, au aliiona.

Tukaisafisha kwa brashi na blowa. Siku hizi kila baada ya wiki mbili za msimu naifungua mwenyewe, dakika 15, na viroba upande ule siweki tena hata mzigo uwe umezidi. Kuna mtu alinishauri nizibe matundu kwa kitambaa ili vumbi lisiingie, hapana, ukiziba kwa kitambaa hewa nayo haiingii, umerudi kulekule.

Mengine mawili niliyojifunza nayataja haraka. Ukiwa kwenye foleni au unamsubiri mtu huku AC inawaka, usiweke gia N, ukiwa N betri kubwa haichajiwi, inaliwa tu, weka P. Na gari lisilale miezi. Sisi watu wa msimu tukimaliza korosho tunalifunika turubai mpaka Septemba, betri ya aina hii inajiishia yenyewe polepole, na ikiisha kabisa ndio unakuta haiwaki. Liwashe kila wiki mbili, lizungushe mpaka Shangani lirudi. Msomaji wa Lindi, hizo kuku zako zimetagia muda gani?

Kuhusu betri kuukuu. Muuzaji akasema kwa upole, "Mama hiyo mbovu mpe dereva wa basi ailete, nikutolee takataka." Nikafungua daftari langu. Katika 20, 17 zilikuwa bado zinashika vizuri tu. Nikamwambia mjomba, takataka hii najua wewe utaiosha, utaipuliza rangi, utampelekea mama mwingine Masasi. Akacheka sana. Akanipunguzia laki na nusu, ambayo ndiyo bei ya seli moja kwa yule bwana, sijui ni Mungu au ni nini. Yale matatu mabovu sikuyaacha chini ya mwembe maana watoto walishaanza kuyapanga wanajengea nyumba, na maji yaliyomo ndani yanaunguza ngozi. Nayo nikayafunga yakaenda.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Lindi, kabla hujampa mtu gari kwa bei ya chuma, wafukuze kuku, vuta siti ya nyuma, angalia matundu na hiyo feni. Mtafute mtu mwenye balbu, mita na glovu, akupimie yote, na uandike wewe mwenyewe kwa mkono wako, daftari lolote. Akikataa kukupimia ukiwa umesimama pale, ondoka. Ukikosa mtu huko njoo Mtwara nikupeleke Chikongola, nauli ya bajaji juu yangu.

Mimi Jumamosi hii naenda Tandahimba, belo moja na viroba vitatu, upande wa matundu nimeacha wazi.

Mama wa Mitumba,
Magomeni, Mtwara.